Pete Isikwaruzike wala Kupasuka: Mwongozo Kamili wa Kulinganisha Kito na Mkono Wako

Mwanamke mmoja aliniwekea pete mezani ikiwa imefungwa kwa tishu. Tanzanaiti nzuri, bluu inayogeuka zambarau ukiizungusha, miaka miwili tangu avishwe. Uso wa juu ulikuwa umefifia kama kioo cha lori la mchanga, na ubavuni kulikuwa na pengo dogo lenye umbo la ukucha. "Fundi," akaniambia, "na walituapia ni orijino!"

Ilikuwa orijino kweli. Zirkonia ya kutengenezwa kiwandani, ile ya bei ya chee, ingekwaruzika kidogo kuliko hiyo.

Kosa hili linajirudia kila mara, na mzizi wake ni mmoja. Mnunuzi huuliza kama kito ni kigumu, akiambiwa ndiyo, mazungumzo yanahamia kwenye bei. Lakini ugumu hujibu swali moja tu: ni nini kitakachokikwaruza. Haukuambii kama kitapasuka kikigongwa. Haukuambii kitafanya nini kikikutana na moto, siki au sabuni. Maswali ni matatu, na yote yanafaa kujibiwa kabla hujatoa pesa.

## Vitu utakavyohitaji

Kwa kukagua kito: lenzi ya kukuza mara 10 kama ile ya masonara, tochi (ya simu inatosha) na kitambaa cheupe cha pamba.

Kwa kusafisha: bakuli la plastiki, sabuni ya maji isiyo kali na mswaki laini wa mtoto.

Kwa zoezi la mwanzo: chupa tupu ya kioo, msumari, kipande cha waya wa shaba nyekundu, kipande cha marumaru, kinyago cha mawe ya Kisii kilichovunjika, na kiganja kimoja cha mchanga wa ujenzi. Mchanga hauhitaji kununuliwa. Nairobi hii hukosi mtaa wenye lundo lake kando ya barabara.

Tupa na msasa havimo kwenye orodha hii. Muuzaji akitoa tupa ili akuonyeshe kuwa kito chake ni kigumu, mshukuru uende zako. Hata akiwa mkweli, anaharibu mali.

## Hatua ya 1: Zoeza macho yako kwa vitu vya bure

Anza na kinyago cha Kisii. Kikwaruze kwa ukucha sehemu isiyopakwa rangi wala nta. Mara nyingi utapata mstari na unga mweupe, kwa sababu jiwe hilo lina talki, madini laini kuliko yote kwenye ngazi ya ugumu (inayoanzia 1 hadi 10; tutaifikia Hatua ya 3). Ndiyo maana mafundi wa Tabaka, kule Kisii, hulichonga kwa kisu na panga.

Sasa nenda kwenye marumaru. Ukucha haufanyi kitu, ila msumari unaacha mstari. Jaribu msumari huo huo kwenye chupa: utateleza, au utaacha alama hafifu sana.

Mwisho chukua mchanga. Loweka kidole, chota punje chache, uzisugue juu ya chupa kwa nusu dakika, kisha suuza na uiinamishe kwenye mwanga. Chupa iliyokuwa inang'aa ina ukungu. Ukungu huo ni mamia ya mikwaruzo, na umeyatazama maisha yote ya pete yakipita kwa nusu dakika.

Tahadhari moja hapa. Si kila mstari ni mkwaruzo. Jiwe laini likipitishwa juu ya gumu huacha unga wake, nawe ukadhani gumu ndilo limeumia. Futa kwa kidole chenye maji. Mstari ukiondoka, ulikuwa unga tu. Ukibaki na kucha ikiusikia, huo ni mkwaruzo.

Umefaulu ikiwa unaweza kuvipanga vitu vyako vyote kwa foleni, kuanzia kinyago hadi mchanga, bila kubahatisha.

Kabla hatujaendelea, tuwaombe funguo msamaha. Kioo cha simu kikikwaruzika mfukoni, sisi hulaumu funguo, nazo nyingi ni shaba njano, laini kuliko kioo. Mwenye hatia kwa kawaida ni punje ya mchanga iliyojificha kwenye pindo la mfuko.

## Hatua ya 2: Pata jina kamili la kito na kilichofanyiwa

"Jiwe la kijani" si jina. Kijani cha Nairobi kinaweza kuwa tsavoraiti ya Taita Taveta, zumaridi ya Zambia, turmalini, malakaiti ya Kongo au chupa iliyokatwa vizuri. Kila kimoja kina tabia yake, na bila jina hatua zote zinazofuata ni kazi bure.

Muulize muuzaji mambo mawili, yaandikwe kwenye risiti: kito hiki kinaitwaje, na kimefanyiwa nini? Zumaridi nyingi hutiwa mafuta ili nyufa zisionekane. Kuna rubi ambazo nyufa zake zimejazwa kioo chenye risasi. Bado ataiita rubi, na hatakuwa amedanganya kabisa, ila kioo kilichomo ndani hakina ugumu wa rubi. Asidi ya limau tu huanza kukila.

Usitegemee ule mtihani wa "kama kinakata kioo ni almasi". Kioo cha dirisha kiko karibu na 5.5 kwenye ngazi ya ugumu. Amethisto hukikata. Zirkonia hukikata. Ule mchanga wako umekikata sasa hivi.

Umefaulu ukiwa na risiti yenye jina, uzito kwa karati na neno moja kuhusu matibabu. Muuzaji akikataa kuandika, hilo nalo ni jibu.

## Hatua ya 3: Kiweke kito kwenye ngazi

Ngazi inayotumika ni ya Friedrich Mohs, mtaalamu wa madini wa Kijerumani, ya mwaka 1812, yenye vidato 10: talki 1, jasi 2, kalsaiti 3, floraiti 4, apataiti 5, feldispa 6, kwatzi 7, topazi 8, korandamu 9, almasi 10. Ukucha wako uko kama 2.5, shaba nyekundu karibu 3, marumaru 3.

Ngazi hii isome kama foleni ya matatu. Inakuonyesha nani yuko mbele ya nani, haikuonyeshi wameachana hatua ngapi. Kati ya 9 na 10 pengo ni kubwa mno: almasi ni ngumu takriban mara nne ya korandamu.

Vito unavyokutana navyo madukani mjini vimekaa hivi:

- Almasi: 10
- Rubi na yakuti, ambazo zote ni korandamu (rubi za Mangare, yakuti za Garba Tula): 9
- Topazi: 8
- Zumaridi na akwamarini: 7.5 hadi 8
- Tsavoraiti na turmalini: 7 hadi 7.5
- Amethisto na sitrini: 7
- Akiki: 6.5 hadi 7
- Tanzanaiti: 6 hadi 7
- Opali: 5 hadi 6.5
- Feruzi: 5 hadi 6
- Malakaiti: 3.5 hadi 4
- Marijani: 3 hadi 4
- Lulu: 2.5 hadi 4.5
- Kaharabu: 2 hadi 2.5

Mstari wa kukumbuka ni 7. Huo ni ugumu wa kwatzi, na kwatzi ndiyo iliyojaa kwenye mchanga ule wa Machakos unaojengea maghorofa ya Nairobi. Iko kwenye vumbi la dirishani, kwenye matope ya viatu, kwenye mchicha ambao haujaoshwa vizuri. Kito kilicho chini ya 7 hukwaruzwa na vumbi la kawaida kila unapokifuta kikiwa kikavu. Kilicho 7 kamili kinachoka polepole, hasa kwenye kingo. Kilicho juu ya 7 vumbi halikiwezi.

Basi ile tanzanaiti ya mteja wangu haikufanyiwa ukatili wowote. Alikuwa akiifuta kwa pindo la sweta kila asubuhi akiwa kwenye gari. Kwa upendo wake wote, alikuwa anaipiga msasa.

## Hatua ya 4: Uliza kama kinapasuka

Hapa ndipo watu wengi hupotea, maana akili inasema kigumu hakivunjiki. Fikiria kuni. Gogo lililonyooka, hata liwe gumu vipi, likipigwa shoka kwa kufuata nyuzi linagawanyika mara moja. Kisiki chenye mafundo kinakutoa jasho. Vito navyo viko hivyo. Baadhi vina njia ndani yake ambako chembe zimeshikana kwa udhaifu, na pigo likifuata njia hiyo kito kinafunguka kikiacha uso laini, tambarare.

Almasi ina njia za namna hiyo nne. Wakataji wa almasi walizitumia kuigawa kwa patasi na nyundo ndogo. Kwa hiyo yeyote anayekuambia uijaribu almasi kwa nyundo anakupeleka kupata hasara.

Topazi ni 8, na bado ina njia moja iliyo wazi kabisa. Tanzanaiti nayo ina moja. Pengo la ukucha nililoliona ubavuni mwa ile pete halikutokana na vumbi. Nilimuuliza anasafirije, akaniambia matatu, na huning'inia kwenye bomba la juu watu wakijaa. Mkono wa pete ukigonga bomba la chuma gari likifunga breki, pembe ya kito ndiyo inayopokea pigo.

Rubi, yakuti na tsavoraiti hazina njia hizo, ndiyo maana nazipendekeza kwa wanaofanya kazi kwa mikono. Tsavoraiti haiachani sana na tanzanaiti kwa namba, lakini kwenye pete ya kila siku hudumu kwa muda tofauti kabisa. Zumaridi ina ugumu wa kutosha, ila nyingi huzaliwa na nyufa ndani, na pigo hutafuta ufa uliopo. Jade ni kinyume cha zote: namba yake ni karibu 6 hadi 7, lakini imesukwa ndani kama kamba ya katani, na kuivunja ni kazi.

Umefaulu hapa ukiweza kusema sentensi mbili tofauti kuhusu kito chako: kinakwaruzwa na nini, na kinapasuka kwa urahisi gani.

## Hatua ya 5: Joto, maji na dawa

Mwaka wangu wa kwanza wa kushika moto nililetewa pete ya fedha ya kupanua. Utaratibu ni kukitoa kito kwanza. Ilikuwa Ijumaa jioni, nikajiambia tanzanaiti hiyo nitaifunika kwa tishu iliyolowa, nichomelee haraka. Nilisikia "tik", sauti ndogo kuliko punje ya bisi. Ufa ulikuwa umekatiza kito kutoka ubavu hadi ubavu. Nilikilipa kwa awamu, na hadi leo sijachomelea tena kitu Ijumaa jioni.

Tanzanaiti nyingi hupata bluu yake kwa kuchomwa kwenye tanuri, kwa hiyo moto wenyewe inaujua. Inachoshindwa ni joto la ghafla, upande mmoja ukivimba na mwingine bado baridi. Jikoni hali hiyo inapatikana bure: unaosha vyombo kwa maji ya moto, kisha unaweka mkono chini ya mfereji mwezi wa Julai. Vua.

Opali ina maji ndani yake. Ikikaushwa kwa joto, au ikiachwa juani kwenye dashibodi, inaweza kupata nyufa nyembamba kama za matope ya bwawa lililokauka. Opali za Wollo, Ethiopia, hunywa maji kama sifongo. Ukizitumbukiza, rangi zinaweza kupotea hadi zikauke, na kama maji yana sabuni au mafuta, doa linaweza kubaki.

Lulu, marijani na malakaiti huliwa na asidi. Siki, limau, hata jasho na marashi vinatosha kuzichosha. Lulu huvaliwa mwisho, baada ya marashi, na huvuliwa kwanza. Zumaridi usiipeleke kwenye spiriti wala maji ya moto, maana mafuta yake yatatoka na nyufa zitajitokeza.

Na Jik? Isikaribie pete yoyote. Vito vingine vitaistahimili, ila klorini hushambulia fedha na metali zilizochanganywa na dhahabu, na meno yanayoshika kito yakidhoofika, kito huanguka hata kama ni almasi.

## Hatua ya 6: Kagua kwa lenzi

Safisha kito kwanza, la sivyo utahesabu vumbi kama kasoro. Lete lenzi karibu na jicho, mpaka kope ziiguse, kisha sogeza pete kwenye lenzi. Wengi hufanya kinyume na kuona ukungu.

Tazama kingo ambako nyuso mbili hukutana. Kwenye rubi au tsavoraiti safi zinatakiwa kuwa kali kama pindo la shati lililopigwa pasi. Zikiwa zimeviringika, kito ni laini au kimechoka. Vipovu vya duara ndani vinaashiria kioo. Rubi ikimeta bluu ndani ya ufa unapoizungusha, shuku kujazwa kioo.

Kisha pitia ukingo mwembamba unaokizunguka kito pale kiunoni. Huko ndiko mapengo huanza. Ukikuta ufa unaofika nje, usikinunue kito hicho kwa pete.

Mwisho kagua meno. Pitisha kitambaa cha pamba juu yake taratibu. Likinasa uzi, jino limeinuka. Ishike pete karibu na sikio uigonge kwa kidole: kito kilichokazwa kiko kimya, kilicholegea kinalia.

## Hatua ya 7: Amua kitakaa wapi mwilini

Hereni na mkufu havigongi kitu. Hapo unaweza kuvaa tanzanaiti, opali, hata kaharabu, na usijute. Pete na bangili ndizo zinazoishi vitani.

Pete ya kila siku, kwa mtu anayepika, kubeba mtoto na kupanda matatu: chagua almasi, rubi, yakuti au, kwa uangalifu kidogo, tsavoraiti. Kama moyo umeshikwa na tanzanaiti, na ninaelewa kwa nini, basi ipange namna inavyoshikwa. Omba ukuta wa dhahabu ukizunguke kito chote badala ya meno manne, na kikae chini, kisiinuke kama kuba. Vito vyenye ncha kali, kama tone la mvua au mraba, vinahitaji kufunikwa ncha, maana hapo ndipo huvunjika.

Kwa kinyozi, muuguzi, mwenye kibanda cha chapati au mwendesha boda, ushauri wangu ni pete bila kito kwa kazi, na ya kito kwa Jumapili. Bwana harusi mmoja alinikasirikia kwa kusema hivyo. Mchumba wake, ambaye ni mekanika, hakukasirika hata kidogo.

## Hatua ya 8: Safisha na uhifadhi

Suuza kwanza, futa baadaye. Maji yanaondoa punje za mchanga kabla kitambaa hakijazisugua. Tumia maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ndani ya bakuli, si juu ya sinki lililo wazi, piga mswaki nyuma ya kito ambako mafuta hujificha, suuza, kausha kwa pamba. Lulu na opali hazitumbukizwi: zifute tu kwa kitambaa chenye unyevu.

Mashine ya kusafishia kwa mitetemo ni nzuri kwa almasi, rubi na yakuti zisizo na nyufa wala kujazwa. Tanzanaiti, zumaridi, opali na lulu zisiingie humo hata ukiambiwa ni dakika moja.

Kila pete na kifuko chake. Almasi ikilala na yakuti kwenye kisanduku kimoja, yakuti ndiyo itakayoamka na mikwaruzo. Almasi mbili nazo huumizana.

## Hatua ya 9: Ukiipeleka kwa fundi

Kabla ya kuiacha, piga picha ya kito kupitia lenzi ukiwa bado kwenye kaunta, alama za ndani zionekane. Hakuna vito viwili vya asili vyenye alama zinazofanana kabisa. Mwambie fundi jina la kito na matibabu yake, aandike kwenye karatasi ya kupokelea, na aandike pia "kito kitolewe kabla ya moto".

Siku ya kuichukua, usilipe kwanza. Toa simu, linganisha picha, pitisha kitambaa juu ya meno, kisha iweke sikioni na uigonge. Ikilia, irudishe mezani hapo hapo, na usikubali kuambiwa uipitie kesho.